Siku Bahari ya Shungi Ilipolazwa

Mize Faki alibonyeza kiganja chake kwenye mchanga wa mezani, na kilomita moja na nusu mbele yake, sakafu ya bahari ikabonyea vilevile. Akaukusanya mchanga kwa mikono miwili, akaupandisha. Kule mbali mstari mweupe wa povu ukahama mahali pake taratibu, kama foleni ya watu walioambiwa wasogee.

Ungedhani aliyeyabuni mambo haya angekuwa ameyazoea. Wapi! Mwaka wa tatu huu, na bado vinyweleo vilimsimama kila alipoyatazama.

Chini ya maji, mbele ya mji wa Shungi, walilala jongoo bahari elfu kumi na moja. Si wale walioumbwa na Mungu. Hawa walikuwa wa mpira mgumu, kila mmoja mkubwa kama kitanda cha watu wawili, na kila mmoja alijua kuvuta maji akavimba na kuyatema akanywea. Wakivimba pamoja, kilima kinaota chini ya bahari. Wakinywea, kilima hakipo tena. Watu wa mji waliwaita wote kwa jina moja, Pazia. Meza ya mchanga iliyokaa juu ya mnara wa Ras Kitunga, meza pana kama sebule, iliiga sakafu ile punje kwa punje. Ulichokifanya kwa mkono mezani, jongoo walikifanya baharini. Ndiyo maana Mize, mhandisi mwenye shahada mbili, alikuwa akitaniwa mjini kwamba kazi yake ni kukanda maandazi ya serikali.

"Ongeza kidogo upande wa kusini," alisema Bwana Sururu Badi, mkuu wa kituo, akiwa dirishani na darubini yake. "Bado kuna viwimbi vinawapiga kina mama magotini."

"Viwimbi vya magotini navyo unavitaka viondoke?"

"Mama yangu mimi ana miaka themanini na nne. Ongeza."

Mize alicheka, akaongeza.

Ilikuwa saa tisa alasiri, Siku ya Mwaka, na Shungi ilikuwa inaoga. Miji mingine ya pwani huoga mwaka alfajiri, lakini Shungi tangu zamani huoga alasiri, baada ya majivu ya meko kutupwa na watu kula wakashiba. Kisha kwa miaka thelathini na mbili Shungi haikuoga kabisa. Walikuwa wamejenga ukuta wa saruji mbele ya mji ili bahari isiwale, na ukuta ukawa ndio uliowamaliza. Wimbi lililokuwa likitambaa kwenye ufukwe na kuchoka lenyewe sasa lilikuta ukuta, likarudi kwa hasira ileile, na kila liliporudi lilichota mchanga wa miguuni pa ukuta. Ufukwe uliisha. Ukuta wenyewe ukabaki umesimama hewani, hauna cha kukanyaga, mpaka siku ulipolala chali na kuondoka na mitaa miwili. Tangu hapo hakuna bibi aliyethubutu kutia mguu.

Pazia lilipokamilika, wazee wa mji hawakuomba bandari wala hoteli. Waliomba siku moja. Waliomba bahari ilazwe alasiri ya Siku ya Mwaka ili watu waoge kama walivyooga mama zao. Mize aliyatia maombi hayo kwenye utaratibu wa Pazia na kuyaita Utulivu.

Na hebu tazama sasa! Watu elfu moja na mia nne walikuwa majini, kanga za kila rangi zimetuna kwa maji, na mbele yao bahari ilikuwa imelala kama maji ya beseni, wakati mita mia tano tu nyuma yake mawimbi ya upepo wa kusi yalikuja marefu, mazito, mgongo baada ya mgongo. Yalikuja yakiulenga mji. Yakifika kwenye kilima cha jongoo yalisita, yakainama upande mmoja, yakageuka yakaelekea kaskazini, mstari mzima, bila kelele.

Wimbi, ukitaka kulielewa, halisukumwi. Linagusa chini kabla halijavunjika, na pale linapogusa linakawia. Ni kama mtu anayetembea mguu mmoja upo kwenye tope na mwingine upo kwenye ardhi kavu: mguu wa tope unabaki nyuma, wa pili unatangulia, na mwili wote unageukia kwenye tope bila mtu kukusudia. Mize alichofanya ni kuyawekea mawimbi tope upande wa kaskazini, basi. Yaligeuka yenyewe.

Katika watu wale elfu moja na mia nne alikuwamo mama yake, Bi Mwanapili. Mwaka wa kwanza wa Utulivu aliogopa, mwaka wa pili akaumwa. Leo alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, amesimama peke yake, viganja vimelala juu ya maji kama anayepima joto la uji. Mize alimwona kwa darubini ya Bwana Badi akizamisha kichwa, akiibuka, akicheka mdomo wazi na pengo lake lote nje. Mize alilia, na hakujificha kulia.

"Heri ya mwaka, mhandisi," Bwana Badi alimwambia taratibu.

Redio ya mezani ikakoroma.

* * *

"Wifi, upo?"

Ilikuwa sauti ya Saumu Tuwa. Kaka yake Saumu alikuwa mume wa Mize, amekufa mwaka wa saba sasa, lakini uwifi wao ulikuwa haujafa, wala matusi yao ya mapenzi. Saumu alikuwa msimamizi wa mashamba ya chumvi ya Kilulu, ulimi ule wa mchanga unaoonekana kaskazini mwa Shungi, mrefu, mwembamba, ulioshikwa na bara kwa shingo moja tu ambayo barabara ilipita juu yake.

"Nipo, wifi. Heri ya mwaka."

"Heri ipi hiyo? Nakuita tangu saa nane, redio haishiki. Toka hapo kwenye maandazi yako uje dirishani utazame huku."

Hakukuwa na kicheko ndani yake. Mize alikwenda dirisha la kaskazini, dirisha ambalo siku zote pazia lake lilikuwa limeshushwa kwa sababu jua la asubuhi lilitia joto chumbani. Akalivuta.

Mwanzo hakuelewa alichokiona. Majaruba ya chumvi ya Kilulu, yale mabeseni ya udongo yaliyokaa safu safu yakikausha maji, yalikuwa yakimetameta meupe siku zote. Sasa safu za mbele zilikuwa hazipo, na mahali pake palikuwa na maji ya kahawia yanayochemka. Mawimbi yaliyotoka kwenye kilima cha jongoo, yale yaliyoondoka Shungi kwa adabu, yalikuwa yakifika pale yakiwa yamekusanyika. Yaliingia yakibanana, moja limepanda juu ya mwenzake, na yote yakiangukia sehemu moja. Sehemu yenyewe ilikuwa ile shingo.

"Lahaula," Mize alisema.

"Umeona?" Saumu alikuwa akipiga kelele kushinda mvumo. "Mwaka juzi mlipooga nilipoteza jaruba moja. Nikasema labda ni udongo mbovu. Mwaka jana mlipooga nilipoteza manne, nikakwambia, ukaniambia hesabu zako hazionyeshi kitu. Leo yamekwenda kumi na mawili tangu adhuhuri, na barabara imekatika pande mbili! Tumejaribu kuvuka. Maji yalibeba watu wawili, tumewavuta kwa kamba ya magunia."

"Mko wangapi?"

"Tuko wote, mia mbili na kumi na wawili. Nani angekuja kuoga kwenu mwaka huu?"

Mize alijua maana ya neno lile, na lilimchoma. Desturi ya Mwaka ilikuwa kwamba kabla ya kuingia majini watu wa Shungi na watu wa Kilulu wanasimama ufukweni wakitazamana, safu mbili, kila mtu anamwambia aliye mbele yake, "Niwie radhi." Akijibiwa, wote wawili wanaingia. Mwaka huu Kilulu walituma ujumbe kwamba hawaji, kwa sababu hawana radhi ya kutoa. Mjini watu walicheka, wakasema hao chumvi wamenuna, watazimeza hasira zao wenyewe. Safu moja ilisimama ufukweni ikitazama hewa, ikaingia majini hivyo hivyo. Mize naye alikuwa mnarani akiwaona, na hakusema neno.

"Wifi," Saumu alisema, sauti imeshuka. "Maji yanajaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa kumi na nusu."

"Na sasa ni tisa na robo."

"Ndiyo."

"Leo bamvu."

"Najua leo bamvu."

Alijua, naam. Lakini kujua kwake kulikuwa kwa mdomo tu hadi dakika ile. Sasa kulimshukia mwilini, akarudi akashika ukingo wa meza.

Siku ya Mwaka hufuata hesabu yake ya jua, na maji hufuata mwezi. Havilazimiki kukutana. Mwaka ule wa kwanza Utulivu ulipojaribiwa, Siku ya Mwaka iliangukia maji mafu, maji ambayo hayapandi wala hayashuki kwa nguvu. Mize alipima, akaona Kilulu imekwaruzwa tu, akaandika kwamba Utulivu hauna madhara, akatia sahihi. Mwaka wa pili Siku ya Mwaka iliangukia katikati. Mwaka huu wa tatu iliangukia bamvu lenyewe, maji makuu, na huku dhoruba ya kusini ya mbali imeleta mawimbi ambayo hayajaonekana tangu ukuta ulipoanguka. Sahihi ilikuwa moja tu, ya siku moja, ya maji yaliyolala.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Akainamisha macho kwenye meza. Meza ilichongwa kwa amri ya mji na kwa ukubwa wa mji, kwa hiyo upande wa kaskazini iliishia penye mpaka wa Shungi. Kilulu haikuwamo. Kila jioni kwa miaka mitatu mchanga ulikuwa ukimwagika sakafuni kwenye ukingo ule wa kaskazini, na kila jioni Mize aliuzoa kwa kizoleo, akaurudisha katikati ya meza, akaenda nyumbani. Bahari ilikuwa ikimwambia kila siku unakokwenda mzigo wake, naye anafagia.

* * *

"Lishushe Pazia," alisema.

Bwana Badi alishusha darubini. "Nusu?"

"Lote."

"Taratibu, kwa saa mbili, kama utaratibu unavyosema."

"Saa mbili shingo haina. Nusu saa pengine inayo."

Bwana Badi hakuwa mtu mbaya, na ni heri lisemwe mapema. Alikuwa ameutumikia mji ule miaka ishirini na sita, na nyumba aliyozaliwa ilikuwa katika ile mitaa miwili iliyoondoka na ukuta. Alikuja akasimama upande wa pili wa meza, akazungumza kwa upole kama anayemzuia mtu asishuke ngazi gizani.

"Ukiwanyweza jongoo ghafla na mawimbi haya juu yao, itakuwaje?"

"Mchanga utawafunika."

"Wote?"

"Wengi. Theluthi mbili. Labda zaidi."

"Wakifunikwa wanaweza kuvimba tena?"

"Hawawezi."

"Kwa hiyo hushushi Pazia, Mize. Unalizika. Ilituchukua miaka tisa kulipata. Bila Pazia mji huu una muda gani?"

Alikuwa ameipiga hesabu hiyo mara nyingi, ilikuwa kazi yake. "Miaka kumi. Labda kumi na miwili. Mtaa wa Pwani utaondoka leo hii."

"Watu elfu tisa."

"Najua ni wangapi."

"Mama yako anakaa Mtaa wa Pwani."

"Bwana Badi, najua mama yangu anakaa wapi!"

Nje vilisikika vigelegele vya watu wanaooga, na chini yake, kutoka kaskazini, mngurumo mzito usiokatika.

"Shingo inaweza kushika," alisema Bwana Badi. "Sema kweli. Inaweza?"

"Inaweza."

"Kwa kiasi gani?"

"Sijui. Kilulu haimo mezani, sina namba. Nina macho tu. Mimi naona inakatika kabla ya saa kumi, na ikikatika mawimbi yataingia kwa mbele na kwa nyuma, na penye mwinuko mkubwa kabisa wa ule ulimi ni mita mbili. Boti zetu mbili haziwezi kukaribia pale. Ungeyaona mawimbi yale ungenielewa."

"Nimeyaona." Alikuwa amesimama karibu na dirisha lile, na kweli aliyaona, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. "Unataka kuutoa mji mzima kwa jambo ambalo huna namba yake."

"Nataka kuyarudishia mawimbi njia yao. Sisi ndio tuliowapelekea Kilulu, Bwana Badi. Hayakwenda yenyewe. Kama dhoruba ndiyo ingewafika kwa njia yake, ningelia nao. Lakini hii ni mikono yangu." Aliinyoosha, imejaa mchanga mpaka kwenye viwiko. "Watu wa Shungi wakikosa mji wana miaka kumi ya kuhama. Hawa wana nusu saa."

Bwana Badi aliitazama mikono ile.

"Mimi sikubaliani," alisema. "Nitasema mbele ya yeyote kwamba sikukubali." Akachukua kofia yake mezani. "Nakwenda kuwatoa watu majini. Usiguse chochote mpaka nikuinulie mkono."

Akashuka ngazi mbio, mzee wa miaka sitini na mmoja.

* * *

Mize alibonyeza king'ora. Kisha akashika kipaza sauti, akatamka maneno machache kwa kuogopa wazee wasije wakakanyagana: "Tokeni majini. Pandeni mpaka uwanja wa shule. Mawimbi yanarudi. Tokeni sasa, tafadhali, bila kukimbia."

Hakuwaambia ni kwa nini yanarudi.

Kwenye redio alisema, "Wifi, wakusanye watu wote penye ghala la juu. Washikane. Nipe dakika ishirini."

"Unafanya nini?"

"Nayachukua mawimbi yetu."

Mtu aliyezaliwa pwani ile hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Na mama?" Saumu aliuliza.

"Anatoka majini."

"Sikuulizia hilo, Mize." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina. "Basi. Mungu akushike mkono."

Zilipita dakika kumi na saba. Mtaa wa Pwani ulikuwa mtupu tangu mchana, kwani wote walikuwa wamekwenda kuoga. Watu walitoka wakinung'unika, wakijikamua kanga, wakigeuka nyuma kutazama maji yaliyotulia tuli na kuuliza mawimbi gani hayo yanayosemwa. Wa mwisho kutoka alikuwa Bi Mwanapili, hataki, akivutwa na Bwana Badi kama mtoto anayetolewa kwenye harusi. Bwana Badi alimfikisha penye ngazi za shule. Akageuka kuutazama mnara, akakaa hivyo kidogo, kisha akainua mkono.

Mize aliweka viganja vyote viwili kwenye kilima cha mchanga. Meza ilimpinga. Ilitengenezwa hivyo ili mkono wa bahati mbaya usije ukaharibu, na alilazimika kuegemeza kifua chote. Alitweta. Alisema bismillahi kwa sauti. Akausukuma mchanga kutoka kaskazini hadi kusini, kwa mfagio mmoja mrefu wa mikono, mpaka meza ikawa bapa na mbao za ukingo zikamgonga mbavuni.

Baharini hakikutokea kitu.

Halafu bahari ikakumbuka. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mgongo wa kwanza wa maji ulifika pale ambapo siku zote ulikuwa unainama, na haukuinama. Ulinyooka. Mstari wake, uliokuwa umepinda kama upinde kwa miaka mitatu, ulijikunjua kuanzia ncha hadi ncha, kilomita tatu za maji zikiwa kitu kimoja, na ukaja. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mingine sita, minane, imejipanga mpaka jicho linakoma, na yote ikageuza uso kuutazama mji. Mize alisahau kuogopa. Alikuwa ameyasoma mawimbi maisha yake yote, ameyapima, ameyapinda, ameyaamrisha, na ilikuwa mara ya kwanza kuyaona yakifanya jambo yanalolitaka yenyewe. Subhanallah, alisema, na akarudia, na hakujijua kwamba anasema.

Wimbi la kwanza lilipovunjika kioo cha mnara kilitetemeka. La pili lilipanda ufukwe wote. La nne likafika Mtaa wa Pwani.

Ufukwe uliokuzwa punje kwa punje kwa miaka mitatu uliondoka kwa muda wa mtu kunywa chai. Maji yaliurarua, yakageuka rangi ya tangawizi. Nyumba hazikuanguka kwa kishindo kama alivyodhani. Zilipiga magoti. Maji yalichimba chini ya msingi, ukuta wa mbele ukainama, paa likafuata, na nyumba nzima ikaingia baharini kwa utaratibu. Ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani. Ya tano, yenye milango ya kijani, ilikuwa ya mama yake.

Aliitazama mpaka mwisho. Aliona ni haki yake kuitazama.

Kisha akajilazimisha kwenda dirisha la kaskazini. Mawimbi yaliyokuwa yakibanana penye shingo ya Kilulu yalikuwa yamepungua kama watu wanaoondoka sokoni, moja moja, halafu hakuna. Barabara ilikuwa imebaki kipande kisichozidi upana wa chumba. Na hapo ndipo alipoona jambo ambalo tangu hapo alishindwa kulieleza vizuri kwa yeyote. Kutoka Shungi, ukiambaa pwani, mkondo mpana wa rangi ya tangawizi ulikuwa unasafiri kwenda kaskazini. Ulikuwa ufukwe wa mji. Tani kwa tani, ulivuka mpaka ambao meza yake haikuwahi kuuvuka, ukaikuta ile shingo iliyonyofolewa, na pale ambapo maji yalipunguza mwendo ukaanza kujilaza. Ulimi mdogo wa mchanga ukatokeza juu ya maji. Wimbi likaufunika, likarudi, ukawa mkubwa zaidi. Hakuna mkono wa mtu uliougusa.

"Wifi!" redio ilipiga ukelele. "Wifi, mchanga unakuja! Unaniona? Nimesimama juu yake! Nimesimama pale palipokuwa na maji!" Nyuma yake watu walikuwa wakilia na kucheka. "Mize, unanisikia?"

"Nakusikia," alisema Mize. Akazima redio, akafuta mikono kwenye gauni, akashuka.

* * *

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Watu walisimama na nguo zao za kuogea zimewakauka mwilini, wakiutazama mtaa usiokuwapo. Wengine walilia kwa sauti, wengine walikuwa wakiwahesabu watoto wao mara ya tatu. Mize alipita katikati yao, na mwanamke mmoja akamshika bega kwa huruma. "Pole, mhandisi. Lilikuzidi nguvu, eh? Mashine ni mashine tu."

"Limeharibika saa mbaya," alisema mwingine. "Na angalau umetuwahi na king'ora. Mungu akulipe."

Maneno yalikuwa yamekwisha kuenea uwanja mzima kwamba Pazia limekatika. Bwana Badi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha darasa, kofia mkononi. Alimtazama Mize, na Mize akaelewa kwamba hakumwambia mtu. Angeendelea kutosema mpaka aulizwe, na labda hakuna ambaye angeuliza. Jongoo walikuwa wamezikwa chini ya mchanga. Nani angekwenda kuwahoji?

Mama yake alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kanga imemganda kichwani. Mize alichuchumaa mbele yake.

"Kitanda cha baba yako kilikuwa mle," alisema Bi Mwanapili.

"Najua, mama."

"Na picha zote." Alikuwa haongei kwa hasira. Macho yake yalikuwa bado huko chini, kwenye mawimbi, nayo yalikuwa yamefumbuka sana. "Sijapata kuona kitu kama kile. Umri wangu wote. Yalikuja kama yameitwa." Akageuka akamtazama mwanawe, akaona mchanga uliomganda mikononi mpaka viwiko, na mstari wa damu kwenye gauni, penye mbavu.

"Pazia limeharibika?" aliuliza taratibu.

"Hapana, mama."

Bi Mwanapili alifumba macho. Mize alingoja kofi, au kilio, na chochote kati ya hivyo angekipokea.

"Kilulu?" mama aliuliza macho yakiwa bado yamefumbwa.

"Wazima. Wote."

"Nani anajua?"

"Bwana Badi. Na Saumu."

Mama alishika ukuta kwa mkono mmoja na bega la mwanawe kwa mkono wa pili, akajiinua kwa kukoroma, akasimama. "Basi nyanyuka," alisema. "Nenda ukawaambie mwenyewe. Mimi nitasimama hapo karibu, lakini sitakusemea."

Mize alipanda ngazi tatu za darasa. Bwana Badi akampisha. Haikuhitajika kuomba watu wanyamaze, kwa sababu walipomwona amesimama juu walidhani anakuja kuwapa pole, na uwanja mzima ukatulia, watu elfu moja na mia nne, mvumo wa bahari ukipanda kutoka chini.

"Pazia halikuharibika," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma kabisa. "Nimelishusha mimi kwa mikono hii, na nilijua ni nyumba za nani zitakazoondoka."